Mzimu

Katika mchezo wa vita vya mezani uitwao Warhammer, uliotoka Uingereza mwaka 1983, limo jeshi la viumbe wa kubuni, wapiga mishale mahiri, wakaao msitu wa Athel Loren na kuulinda pamoja na miti yenye roho. Na kijana wa Moshono, aishiye chini ya Mlima Meru, akitaka kuwapa jina la Kiswahili, aghalabu hukimbilia jini. Neno hilo ni zuri, ila jini huenda atakako, baharini na majumbani, wala si lazima afungamane na mti. Mimi nastahabu mzimu, kwa kuwa watu wa pwani waliita hivyo roho na makao yake pia: mbuyu mkongwe, au pango, penye vitambaa vilivyofungwa na chetezo cha udongo chenye majivu ya ubani. Waarusha, watu wa Moshono, nao wana oreteti, mtini wa mwituni wanaouheshimu na kuomba chini yake, basi maana yenyewe si ngeni kwao. Wingi wa mzimu, tafadhali, uwe mizimu. Wazimu ni maradhi ya akili.