Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Tuangalie juu.

Tarehe 12 Desemba 1970 majirani zetu wa Kenya walikuwa wanasherehekea miaka saba ya uhuru. Siku hiyo hiyo, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco. Ilibeba setilaiti ndogo ya NASA. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini huku kwetu? Roketi ikirushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia. Na kazi yake? Kutafuta eksirei angani. Ndiyo, eksirei kama zile za hospitali. Hewa yetu huzizuia, kwa hiyo ukizitaka lazima utoke juu kabisa. Kabla ya hapo wataalamu walitumia roketi zilizokaa huko dakika chache tu na kuanguka. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kati ya vyanzo hivyo zilikuwamo galaksi, mfano NGC 4151. Hapa ndipo mwandishi wa habari ninaposimama. Mhariri wangu wa kwanza alinifundisha kwamba chanzo kimoja ni fununu, viwili ndiyo habari. Eksirei ilikuwa fununu. Inakuambia kuna jambo kubwa kule katikati ya galaksi, lakini haitoshi kukuambia liko mbali kiasi gani wala lina uzito gani.

Chanzo cha pili ni mwanga wa kawaida. Unaukusanya kwa darubini, unautawanya rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, halafu unasoma mistari iliyomo. Mistari ikiwa imesogea upande wa wekundu, unakadiria umbali. Ikiwa mipana, ujue gesi inakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde kulizunguka shimo jeusi, na upana huo husaidia kukadiria uzito wa shimo lenyewe. Mmarekani Carl Seyfert aliieleza mistari mipana ya galaksi kama hizi mwaka 1943, bila kujua kuwa nyuma yake kuna shimo jeusi.

Lakini hata chanzo cha pili hudanganywa. Galaksi nyingine zina mistari myembamba tu. Mwaka 1985 Antonucci na Miller walichunguza mwanga ulioakisiwa wa NGC 1068, wakakuta mistari mipana imo, ila imefichwa na vumbi. Eksirei kali hupenya vumbi nene ambalo mwanga wa kawaida hukwama. Kwa hiyo vyanzo vyote viwili vinahitajiana.

Mwaka 2004 NASA ilirusha setilaiti ya Swift, yenye chombo cha kunasa eksirei kali. Wataalamu wakaifuata kwa darubini za ardhini, galaksi moja baada ya nyingine. Mwaka 2022 walitoa spektra 1,449 za galaksi 858 za aina hii. Na unajua data za Swift zilipangiwa kupokelewa wapi? Kwenye kituo cha Waitaliano, Malindi.

Mimi nimesoma hadi chuo kikuu na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia habari hii. Tumefundishwa uhuru wa bendera tu. Neno letu limo katika vitabu vya falaki dunia nzima, na sisi wenye neno ndio hatuna habari! Jirani akisoma barua iliyoandikwa kwa jina lako kabla yako, utamlaumu nani?

Wewe ulishaisikia? Niambie hapo chini. Na kama una mdogo wako shuleni, msimulie leo jioni.