Ahadi ni Deni, Lakini la Nani?

Kwa kinyozi wangu mtaani Jericho, hapa Eastlands, ambako nimekuwa nikienda tangu enzi nilipokuwa na nywele za kunyolewa, neno "deni" limebadilisha wenyewe mara mbili nikisikia kwa masikio yangu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2003, ya pili 2022. Wasemaji walikuwa karibu walewale, na benchi ni lilelile. Walichofanya ni kubadilishana maneno, kama wachezaji wanavyobadilishana jezi baada ya mechi pale City Stadium.

Vijana huenda hawakumbuki, kwa hivyo nianze nyuma kidogo. Oktoba 14, 2002, katika bustani ya Uhuru Park, Raila Odinga alitamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na upinzani ukapata mgombea mmoja. Mwezi huohuo makundi mawili yaliyounda muungano wa NARC, yaani NAK ya Mwai Kibaki na LDP ya kina Raila, yalitia saini mkataba wa maelewano. Mitaani tuliuita MoU tu. Viti vya baraza la mawaziri vingegawanywa nusu kwa nusu, na katiba mpya ingeleta wadhifa wa waziri mkuu. Kibaki alipopata ajali ya gari mapema Desemba na kupelekwa London kutibiwa, Raila ndiye aliyezunguka nchi nzima akimpigia debe. Desemba 27 Kibaki alishinda kwa takribani asilimia 62 ya kura. Nakumbuka Jogoo Road siku hizo: Mluo, Mkikuyu, Mkamba na Mluhya walikuwa wakiimba wimbo mmoja ndani ya matatu moja.

Serikali ilipotangazwa Januari 2003, nusu kwa nusu haikuonekana. Hapo ndipo benchi la kinyozi lilipopasuka. Upande mmoja ulisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Upande wa pili ulijibu kwamba ile ilikuwa karatasi tu, iliyotiwa saini na wakubwa hotelini, wala mwananchi hakuwahi kusomewa yaliyomo. Mbona atozwe deni ambalo hakulijua? Rais amechaguliwa na Wakenya, si na karatasi.

Wazee wa Kaloleni walilichukulia jambo hilo kwa uchungu zaidi kwa sababu, kwao, hilo halikuwa deni la kwanza. Walikumbuka jinsi Jaramogi Oginga Odinga alivyosimama katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na kumtetea Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, kuwa ndiye kiongozi halisi. Walikumbuka pia mkutano wa KANU wa Limuru, Machi 1966, ambapo cheo cha Jaramogi cha naibu wa rais wa chama kilivunjwavunjwa kikawa vyeo vinane. Ukimwambia mzee wa namna hiyo kwamba MoU ni karatasi, utakuwa umechokoza kidonda chenye umri wa miaka karibu 40.

Yaliyofuata tunayajua: chungwa na ndizi katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, kisha umwagikaji wa damu baada ya uchaguzi wa 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Ajabu ni kwamba mwafaka wa Februari 28, 2008, ulioongozwa na Kofi Annan, ulipelekwa bungeni mbio ukafanywa kuwa sheria. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; safari hii hakuna aliyetaka karatasi.

Sasa tuje kwa deni la pili. Uhuru Kenyatta na William Ruto walipoungana mwaka 2013, kauli iliyoenea majukwaani ilikuwa "yangu kumi, ya Ruto kumi". Kisha Machi 9, 2018, Uhuru akapeana mkono na Raila, na kufikia 2022 ni Raila aliyekuwa akimuunga mkono. Nilikwenda kunyolewa wakati wa kampeni hizo nikadhani masikio yananidanganya. Yule jirani aliyeniambia mwaka 2003 kwamba MoU ni karatasi alikuwa akipiga benchi ngumi: Uhuru ana deni la Ruto, na Mungu hapendi wasiolipa! Na aliyelia machozi kwa ajili ya MoU alikuwa akimjibu kwa utulivu wa wakili. Uongozi haurithiwi. Nani alitia saini? Hata kitenzi sentensi hiyo haina!

Hapo alinichekesha, maana kisarufi alikuwa amesema kweli. "Yangu kumi, ya Ruto kumi" haina kitenzi. Tena nomino "miaka" imedondoshwa, imebaki kivumishi kikining'inia. Lakini tazama hoja zilivyogeuzwa. Mwaka 2003 ahadi ilikataliwa kwa kuwa iliandikwa bila kusemwa mbele ya umma. Mwaka 2022 ikakataliwa kwa kuwa ilisemwa mbele ya umma bila kuandikwa. Maana ya "deni" katika kamusi haikusogea hata inchi moja. Kilichosogea ni anayedai.

Wenye kupima hivi si watu waongo. Wengi wao wakikopa unga dukani hulipa mwisho wa mwezi. Ila ikifika siasa, ahadi ya mtu wetu huitwa "mbinu" na ya mtu wao huitwa "utapeli". Halafu tunafunga mjadala kwa kusema "hiyo ni siasa tu". Neno "siasa" lenyewe, msomaji, katika Kiswahili cha zamani lilibeba pia maana ya upole na uangalifu. Kutenda kwa siasa kulikuwa kutenda kwa taratibu. Leo mitaani ni kama jina la pili la uongo.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka 2003 nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikawaeleza, kwa istilahi nzito, kwa nini mkataba wa kisiasa hauwezi kulinganishwa na ahadi ya kawaida. Karibu miaka 20 baadaye nilitoa hoja kinyume, kwa istilahi zilezile, na hakuna mwanafunzi aliyekuwepo darasa la kwanza kunisuta. Nilikuwa upande upi, jina langu huenda limeshakuambia kabla hujafika aya hii, na huko kukisia kwako ndiko sehemu ya ugonjwa ninaouzungumzia.

Machi 7, 2025, UDA na ODM vilitia saini makubaliano ya mambo 10 pale KICC. Nilipopita kwa kinyozi, kijana mmoja aliyekuwa na povu kidevuni aliuliza kama haya nayo yatatekelezwa. Mzee aliyeketi karibu na mlango alishusha gazeti. Kabla ya kumjibu, alitaka kwanza kujua kijana anaitwa nani na kwao ni wapi.