Kodokan
Kodokan ni dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ambamo judo ilizaliwa. Kano Jigoro aliianzisha mwaka 1882 katika hekalu la Kibuddha la Eishoji, Tokyo, akiwa kijana wa miaka 21. Chumba kilitosha mikeka 12 tu, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa 9. Kano alizichuja mbinu za jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, akaziondoa zile za hatari katika mazoezi huru ili wenzi wapambane kwa nguvu zote bila kujeruhiana. Huo ndio mchango wake mkubwa kuliko yote. Hadi leo mwanafunzi mpya hufundishwa kwanza kuanguka salama, mkono ukiupiga mkeka. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, huko huko Tokyo.