Misitu ya Kibondo na Kasulu iliyolindwa na mbung'o

Katika msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, unaota mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao haupatikani porini mahali pengine popote duniani. Ndugu zake wako Madagaska na Komoro. Bahari ndiyo iliyowatenganisha. Nyanda za juu za Kigoma hazina bahari, lakini nazo zimo ndani ya kisiwa cha aina yake. Miyombo, mitundu na mininga ya Kibondo na Kasulu ni sehemu ya ukanda wa miombo unaofika hadi Angola, wenye takriban aina 8,500 za mimea, na zaidi ya nusu yake haioti kwingine.

Kwa muda mrefu, kilichozuia shoka kuingia humo ni mbung'o. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yalipoenea Buha, nchi ya Waha, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza mwaka 1933 kuwahamisha Waha waliokaa porini kwa kutawanyika na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Watu waliacha mashamba, migomba na makaburi ya wazee wao, na pori likarudi juu ya mahame. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha tena watu, safari hii kwenda vijijini. Upande wa mashariki, ambako wakazi walibaki wachache, baadaye kukawa Pori la Akiba Moyowosi, na mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ikawa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar. Sifa za uhifadhi huo hutajwa mara nyingi. Waha walioulipia kwa kuhamishwa hutajwa mara chache, na hilo si haki.

Kisha vita vikaleta majirani. Warundi walikimbilia huku mwaka 1993, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu kupokea Wakongo. Mtu aliyekimbia risasi lazima apike, na anapikia kuni. Simlaumu. Lakini makambi na vijiji vilivyoyazunguka vyote vilikuwa vikichota kwenye msitu uleule.

Hasara hiyo hairudi upesi, na mninga ndio unaoonyesha kwa nini. Mbegu yake imezungukwa na bawa la duara, katikati ina miiba. Ikiota, mche hunyauka au huungua kila kiangazi, lakini mzizi hubaki hai ardhini, unanenepa. Mvua zikija unachipua tena, na hivyo hivyo miaka kadhaa, mpaka siku mzizi unapokuwa na nguvu ya kusukuma shina juu ya kimo cha moto. Ukikatwa, gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Fundi anauangusha mti kwa dakika chache, ilhali mrithi wa mti huo labda bado yuko chini ya majani, akihesabiwa kuwa gugu.

Nyuki wa Kibondo wanautegemea msitu huohuo. Hata hivyo mzinga wa gome una gharama yake: mti uliochunwa gome kuzunguka shina hufa. Mzinga wa mbao unadumu, na mti mmoja hutoa mizinga kadhaa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kupata mapato yake. Mbung'o hazuii tena watu kama zamani. Kama kijiji chenu bado hakijatenga msitu, lipelekeni suala hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mradi kuna miti ya kutengwa.