Wavu wa Samaki

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kitu pekee kutoka darasa la sheria ambacho hakijanitoka kichwani ni kesi ya maji. Inaitwa Rylands dhidi ya Fletcher. Mwaka 1860, huko Lancashire, Uingereza, tajiri mmoja mwenye kinu cha pamba alijengewa bwawa kwenye ardhi yake. Waliojenga walikuta mashimo ya mgodi wa zamani chini ya ardhi, wakapuuza. Maji yalipojaa yalipenya kwenye mashimo hayo, yakafurika mgodi wa jirani. Kesi ilipanda hadi bunge la malodi, na mwaka 1868 likaamua hivi, kwa Kiswahili cha mtaa: ukileta kwako kitu ambacho kikitoroka kitaumiza wengine, kikitoroka ni mzigo wako, hata kama hukufanya uzembe. Mwalimu wetu aliipita kwa dakika kumi akaenda kwenye kesi ya konokono ndani ya chupa. Mimi nikabaki kwa maji.

Nimebaki huko kwa sababu naishi Kiambu, na Kiambu imejaa mabwawa ya watu binafsi. Mengi yalichimbwa zamani kwa ajili ya kahawa: kunywesha miche, kuosha buni. Kahawa ikaanza kung'olewa, nyumba zikaota, mabwawa yakapata kazi mpya. Wikendi unaenda, unalipa kiingilio, unapanda boti, unakula nyama, unapiga picha ukiwa umesimama kwenye tuta na maji yamemeta nyuma yako. Sisemi ni vibaya. Nami napenda. Ila siku hizi nikifika huwa nasimama juu ya tuta na kugeukia upande wa pili, ule usiopigwa picha, kuona nani anaishi kule chini.

Wacha niwapeleke mbali kidogo, Pennsylvania, Marekani.

Bwawa la South Fork lilijengwa na serikali ya jimbo hilo kati ya 1838 na 1853, kulisha mfereji wa kusafirishia mizigo. Lilikuwa tuta la udongo na mawe, kimo chake kama mita 22, urefu karibu mita 280. Waliolijenga walijua kazi yao. Chini kabisa waliweka mabomba matano ya chuma ya kupunguza maji ziwa likijaa sana, na pembeni wakachonga kwenye mwamba mfereji wa kumwagia maji ya ziada. Shida ni kwamba bwawa lilipokamilika reli ilikuwa imeshafika na mfereji wa mizigo haukuhitajika tena. Likauzwa kwa kampuni ya reli. Mwaka 1862 likabomoka sehemu, lakini maji hayakuwa mengi, hakukuwa na maafa. Mnunuzi aliyefuata, mbunge mmoja, aling'oa yale mabomba matano akayauza kama chuma chakavu. Halafu naye akauza.

Mwaka 1879 likaangukia mikononi mwa Benjamin Ruff, aliyeanzisha klabu ya uvuvi na uwindaji. Wanachama walikuwa mabwanyenye wa Pittsburgh: Andrew Carnegie, Henry Clay Frick, Andrew Mellon. (Ndiyo, Carnegie yule yule. Maktaba ya McMillan pale katikati ya Nairobi ilipata pesa za shirika lenye jina lake, na humo ndimo nilikimbilia kusoma nilipoacha chuo. Dunia ni ndogo, pesa nazo zinatembea.) Walitaka mahali pa kupumzika na familia wakati wa kiangazi, mbali na moshi wa viwanda vyao wenyewe. Walijenga nyumba za mapumziko ufukweni, jumba la klabu lenye vyumba vingi, wakaleta mashua za tanga na hata boti za mvuke. Ziwani wakamwaga samaki walioletwa kwa treni.

Sasa angalia walichofanyia tuta. Pengo la 1862 walilijaza kwa udongo na takataka. Mabomba hayakurudishwa. Mgongo wa tuta waliushusha kidogo ili upanuke, magari ya farasi yapishane juu yake wageni wakielekea kwenye klabu. Na kwenye mfereji wa maji ya ziada, njia pekee iliyobaki, wakaweka wavu wa chuma ili samaki wao wa bei wasitoroke.

Kila moja ya hizo ni uamuzi wa starehe, na hicho ndicho kinanikereketa. Hakuna aliyeketi na kusema tuue watu. Anayetaka kuendesha boti anataka ziwa limejaa hadi pomoni. Mvuvi hataki samaki waende. Mgeni anataka barabara, na mwenye nyumba ya mapumziko anataka miti ya kivuli juu ya tuta. Usalama wa bwawa la udongo unataka kinyume cha hayo yote: nafasi tupu juu ya maji kwa ajili ya mvua kubwa, mfereji usio na kitu chochote ndani, mgongo usiobonyea katikati, na tuta lisilo na mizizi ya miti wala mashimo ya fuko. Maji yakishapita juu ya tuta la zege, mara nyingi tuta husimama. Yakipita juu ya la udongo, yanalikula kutoka juu kushuka, na yakianza huwezi kuyasimamisha kwa koleo. Yakipenya ndani vilevile: maji masafi yakivuja chini ya tuta ni jambo la kuangaliwa kila siku, yakitoka na matope, maana yake tuta linatoka nayo.

Chini ya South Fork, umbali wa kama kilomita 22, kulikuwa na mji wa Johnstown, mji wa wafanyakazi wa chuma. Bosi wa kiwanda kikubwa cha pale, Daniel Morrell, hakupenda alichosikia. Mwaka 1880 alituma mhandisi wake, John Fulton, akague. Fulton alirudi na mambo mawili makubwa: hakuna namna ya kupunguza maji, na kuna uvujaji. Morrell akajitolea hata kuchangia gharama ya kurekebisha. Ruff akajibu kwamba watu wa bondeni hawako hatarini. Morrell akanunua uanachama wa klabu, pengine ili awe na jicho ndani. Akafa 1885. Ruff naye akafa 1887. Bwawa likabaki.

Watu wa Johnstown nao walizoea. Kila msimu wa mvua mtu angesema leo bwawa litapasuka, wengine wakacheka. Ukisikia tahadhari miaka kumi na kitu kisitokee, tahadhari inakuwa utani.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, ziwa lilikuwa linapanda mbele ya macho. Msimamizi wa klabu, Elias Unger, alileta vibarua waongeze udongo juu ya tuta na kuchimba mfereji mwingine. Wavu wa samaki ulikuwa umezibwa na matawi na magogo. Walijaribu kuung'oa, wakachelewa. Mhandisi kijana, John Parke, alipanda farasi kwenda kutoa habari zitumwe kwa simu ya waya. Habari zilitumwa. Hazikumshtua mtu.

Alasiri, baada ya saa tisa hivi, katikati ya tuta palikatika. Njiani wimbi lilikutana na daraja la reli la mawe. Takataka zikaziba tao la daraja, ziwa likajijenga upya nyuma yake kwa dakika chache, kisha daraja likaachia na maji yakatoka na nguvu mpya. Kama saa moja tangu tuta livunjike, yalikuwa Johnstown. Watu 2,209 walikufa. Zaidi ya 700 walizikwa bila kujulikana majina.

Sehemu hiyo ya daraja hunirudisha nyumbani kila mara. Aprili 2024, Mai Mahiu, kwanza tuliambiwa bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye maafisa wa maji wakaeleza kwamba halikuwa bwawa: njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likaachia. Lakini kwa aliyekuwa amelala Kamuchiri usiku ule, tofauti ni ipi? Udongo uliozuia maji bila njia ya kuyatoa ni bwawa, hata kama hakuna aliyekusudia kulijenga.

Na kabla ya hapo, Solai, 9 Mei 2018. Hilo lilikuwa bwawa kweli, la udongo, la shamba la mtu binafsi, juu ya mlima. Masika yalikuwa yamejaa. Usiku likaachia, likashuka hadi vijiji vya Nyakinyua na Energy. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mamlaka ya maji ilisema halikuwa na kibali. Hilo ndilo huwa nalirudia nikiwa peke yangu: kitu kikubwa hivyo, kinachoonekana kutoka barabarani, kilikuwepo miaka yote hiyo, na karatasi ilitafutwa baada ya mazishi. Watu tisa walishtakiwa. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia wote, ikilaumu upande wa mashtaka kwa kuchelewesha kesi; mwaka huohuo Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo.

Huko Johnstown, hakuna manusura aliyepata hata senti kwa kushtaki klabu. Mahakama ziliona ni mkono wa Mungu, na klabu yenyewe haikuwa na mali ya kushikwa. Mali ilikuwa ya wanachama, wakiwa wanachama tu. Baadhi walitoa michango. Carnegie aliujengea mji maktaba. Kilichobadilika polepole ni sheria: mahakama za Marekani zilizokuwa zimeikataa Rylands dhidi ya Fletcher zilianza kuilegezea msimamo, na wanahistoria kadhaa wa sheria huitaja Johnstown kama moja ya sababu. Sisi Kenya tuliirithi kanuni hiyo pamoja na sheria nyingine za Mwingereza. Iko vitabuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataikuta kabla ya mtihani.

Kwa hivyo wikendi hii ukiwa kwenye boti, muulize anayekukodisha swali moja: mvua ikinyesha usiku kucha, maji ya ziada yanatokea wapi? Akikuonyesha mfereji, nenda uutazame. Uone kama una majani, kibanda cha soda, au wavu.

South Fork leo ni eneo la ukumbusho la taifa. Ziwa halikurudishwa. Kwenye picha unaona ncha mbili za tuta zimebaki zikitazamana, nyasi juu yake, na katikati, palipokatika, reli inapita.