Kuvaa nini melini? Historia ya nguo na meza ya majini, kutoka Antwerp hadi Ziwa Kivu

BUKAVU – Mtu anayesimama bandarini wakati boti inajiandaa kwenda Goma anaona jambo moja ambalo wakaaji wa mji wamelizoea. Ndani ya boti kuna magunia ya maharage, mikungu ya ndizi na madumu ya mafuta. Lakini papa anayepanda amevaa suti, na viatu vimepigwa rangi. Mama amefunga kikwembe kipya na kitambaa chake cha kichwa. Mtoto amevalishwa soksi nyeupe ambazo zitachafuka kabla ya kufika Idjwi.

Wageni hucheka. Wanauliza: kwa nini kujipamba hivi kwa ajili ya safari ya boti?

Jibu ni refu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, nguo ndiyo iliyoamua nani anakaa mezani melini, nani anapakua chakula, na nani anabaki chini pamoja na mizigo. Wazee wetu walilijua hilo, na watoto wao wamelirithi hata kama hawajui lilitoka wapi.

Meli za kutoka Antwerp

Tarehe 6 mwezi wa pili 1895, meli iliyoitwa Léopoldville iliondoka Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Congo. Ndiyo iliyofungua njia ya kudumu kati ya Antwerp na mlango wa mto wetu. Baadaye zikaja nyingine zenye majina ya miji ya koloni: Albertville, Elisabethville, Baudouinville. Safari hadi Matadi ilichukua zaidi ya wiki mbili.

Katika meli kubwa za abiria za wakati ule, chakula cha jioni cha daraja la kwanza kilikuwa na sheria zake. Mwanaume alivaa koti jeusi la jioni na tai ndogo ya upinde. Mwanamke alivaa gauni refu. Meli ikifika kwenye joto, koti jeusi liliachia nafasi koti jeupe. Usiku wa kwanza na wa mwisho ndio abiria walisamehewa, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa au yameshafungwa. Usiku mwingine wote, aliyekuja na nguo za mchana alijionyesha kuwa hajui adabu za watu wa daraja lile.

Wazungu waliokuja kuishi Bukavu, mji walioupa jina la Costermansville, walikuwa na njia nyingine pia. Walishuka Dar es Salaam, wakapanda gari moshi hadi Kigoma, wakavuka Tanganyika hadi Uvira, kisha wakapanda bonde la Ruzizi. Masanduku yao yalibebwa na watu wa hapa. Ndani yake mlikuwa na koti lile lile la jioni, maana mezoea ya meli yaliendelea nchi kavu, katika mahoteli na nyumba za kando ya ziwa. Mwafrika aliingia katika vyumba hivyo vya kulia akiwa na nguo nyeupe ya boy. Naye alikuwa amevaa vizuri, safi na kupigwa pasi. Lakini nguo yake ilisema: huyu anasimama, hakai.

Kwenye boti za Mto Congo mpango ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Mzungu alikuwa na kabini yake na meza yake. Wakongomani wengi walisafiri kwenye majahazi ya chuma yaliyofungwa ubavuni au mbele ya boti, pamoja na mizigo, mbuzi na masufuria yao.

Mtihani wa uma na kisu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wabelgiji walisema kwamba Mwafrika anaweza kusogea karibu na meza, lakini kwa mtihani. Mwaka 1948 walianzisha karatasi ya sifa ya raia, na mwaka 1952 wakaongeza immatriculation. Aliyeomba alitembelewa nyumbani. Wakaguzi waliangalia namna familia inavyokula, kama wana uma na visu, kama watoto wamevaa vizuri, kama mke anajua kuongoza nyumba kwa namna ya Kizungu. Patrice Lumumba aliomba akakataliwa kwanza. Alikubaliwa mwaka 1954. Katika koloni zima, waliopata immatriculation walikuwa mia chache tu.

Hapo ndipo suti ilipata uzito wake kwetu. Kwa karani, mwalimu au muuguzi wa Kadutu, suti haikuwa mapambo. Ilikuwa hati ya kusafiria. Ilimwambia mkata tiketi, kabla hajafungua kinywa, kwamba mtu huyu asisukumwe. Wanaosema kwamba wazee wale waliiga Wazungu tu wanasahau kwamba wengi wao walikuwa wakitafuta namna ya kutotukanwa mbele ya watoto wao.

Kamanyola: jina la kwetu kwenye meli ya raisi

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na baada ya miaka kumi na kitu sheria ya nguo iligeuzwa juu chini. Raisi Mobutu alitangaza siasa ya uhalisi wa kiafrika. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Kuanzia 1972 majina ya Kizungu yakaachwa, na tai pia. Wanaume wakaambiwa wavae abacost, koti lisilo na tai ambalo jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya “chini suti”. Wanawake wakaambiwa kikwembe. Suruali, sketi fupi na nywele za bandia zikakatazwa.

Meza iliyojulikana kuliko zote za wakati huo ilikuwa juu ya maji. Mobutu alikuwa na meli ya kifahari kwenye Mto Congo, akipokea humo mabalozi na wageni wakubwa. Jina lake lilikuwa Kamanyola.

Wasikilizaji wa Kivu ya Kusini hawahitaji kuelezwa Kamanyola ni wapi. Ni kwetu, kwenye bonde la Ruzizi, njia ya Bukavu kwenda Uvira. Mwezi wa sita 1964, wakati wa vita vya waasi, Mobutu alikuwa na jeshi lake kwenye daraja la pale. Baadaye aligeuza jina hilo kuwa alama ya ushujaa wake. Alilipa kikosi cha jeshi, alilipa uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ambao leo unaitwa Uwanja wa Mashahidi, na alilipa meli yake.

Kwa hiyo mkubwa wa serikali aliyealikwa kula kwenye Kamanyola alijua la kuvaa. Babu yake angefukuzwa kwenye meza ya Albertville kwa kukosa tai. Yeye angejitafutia matatizo kwenye meza ya Kamanyola kwa kuivaa. Mwenye meza alikuwa amebadilika, lakini mezoea yalibaki: anayemiliki meli ndiye anayeamua mwili wa mgeni ufunikwe na nini. Na watu wa kijiji cha Kamanyola chenyewe, waliotoa jina, walibaki na jembe lao.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, pale Nsele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba hiyo hiyo aliruhusu tai, akisema kwamba yeye mwenyewe hataonekana akiivaa. Katika miaka iliyofuata, hasira ya watu wa Kinshasa ilipopanda, alikaa mara nyingi kwenye meli yake, mbali na mji.

Mwisho wake pia ulipitia melini. Tarehe 4 mwezi wa tano 1997, Nelson Mandela alimkutanisha na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli ya jeshi la Afrika Kusini, Outeniqua, kwenye bandari ya Pointe-Noire. Mobutu alikuwa mgonjwa kiasi kwamba gari lake lilibidi liingie ndani ya meli, kwa kuwa hakuweza kupanda ngazi. Siku kumi na mbili baadaye aliondoka Kinshasa.

Meli isiyouliza umevaa nini

Mwaka huo huo 1997, meli nyingine ilikuwa ikifanya kazi karibu na kwetu, na hakuna aliyeipiga picha nyingi. Ni Liemba, ya Ziwa Tanganyika.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, jina la yule Mjerumani aliyefika Ziwa Kivu mwaka 1894. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate. Waingereza waliiinua, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ina madaraja ya abiria na chumba cha kulia, kama meli zote za umri wake.

Lakini mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliitumia kurudisha Wakongomani waliokimbilia Tanzania wakati wa vita. Zaidi ya watu 75,000 walirudi kwa njia hiyo. Mwaka 2015 ilifanya kazi kama hiyo tena, ikibeba Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Katika safari hizo hakuna aliyeulizwa kuhusu koti wala kikwembe. Watu walipanda na nguo waliyokimbia nayo.

Familia nyingi zilizoko Bukavu leo zinaijua safari ya namna hiyo. Wametoka Minova, Kalehe, Masisi na kwingine. Wapo wanaokataa mwaliko wa arusi au wa matanga kwa sababu hawana nguo ya kubadili. Wapo wanaowaficha watoto wageni wanapokuja. Mwenyeji anadhani ni kiburi, kumbe ni haya. Historia hii iwafae wote wawili. Sheria ya kwamba mtu asiye na nguo fulani hafai kukaa mezani haikutoka kwa mababu zetu. Ililetwa na wenye meli, kwa faida yao. Kwetu mgeni huletewa kwanza maji ya kunawa. Nguo yake haiulizwi.

Vazi moja kwa wote

Linabaki vazi moja ambalo lina maana kwenye maji, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote: jaketi la kuokolea, lile ambalo wengi huku huliita jile.

Dunia ililipa gharama kubwa kujifunza usalama wa majini. Meli Titanic ilipozama mwezi wa nne 1912, watu karibu 1,500 walikufa. Inasimuliwa kwamba tajiri Mmarekani, Benjamin Guggenheim, alivua jaketi lake na kuvaa nguo za chakula cha jioni, ili afe kama muungwana. Hakupona. Mwaka 1914 mataifa yalikutana London na kuandika mapatano ya kwanza ya usalama wa watu baharini.

Sisi tumelipa pia. Mwezi wa nne 2019, boti ilizama upande wa Kalehe, na watu zaidi ya mia moja hawakuonekana tena. Raisi Félix Tshisekedi alifika huko, na ikatangazwa kwamba kila abiria lazima avae jaketi. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita uwezo wake, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, ndugu wakiitazama kutoka ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Wengi walikuwa wamepanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara.

Hata hivyo, kwenye boti zetu jaketi bado linakaliwa kama kiti, linalaliwa kama mto, au linabaki limefungwa darini. Wapo wanaolikataa kwa kuwa linanuka, au linakunja suti, au linaficha kikwembe kipya. Na wapo wenye boti wasiokuwa na majaketi ya kutosha, wakitumaini hakuna atakayehesabu.

Abiria ana haki ya kuhesabu. Aulize kabla ya kulipa kama jaketi lipo. Alivae boti ikiwa bado bandarini, juu ya nguo zote, na kamba zote zifungwe. Mtoto apewe la kipimo chake, kwa sababu la mtu mzima linampita kichwani akianguka majini. Na boti ikionekana imeshiba, kushuka si aibu.

Suti ya papa na kikwembe cha mama viendelee kupanda boti. Wazee wetu walivitafuta kwa jasho, na vina heshima yake. Lakini vivaliwe chini ya jaketi. Meza ya Albertville ilikuwa na nafasi kwa wachache, ya Kamanyola vilevile. Ziwa halina daraja la kwanza.