Dhana Mbaya: Hukumu Yake na Namna ya Kuepukana Nayo

Dhana mbaya, ambayo maulamaa huiita suu-udh-dhann, ni kumhukumu mtu moyoni kwa ubaya bila ya dalili iliyo wazi. Haihitaji ulimi. Mtu anaweza kukaa barazani tangu Alasiri mpaka Magharibi, asimseme yeyote, na bado akaondoka na dhambi hii. Katika aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat, Mwenyezi Mungu ametanguliza kukataza dhana, kisha upelelezi, kisha kusengenya. Mpangilio huo tunauona majumbani mwetu: mtu hudhani, dhana ikishamkaa hutafuta cha kuithibitisha, na akikipata au asikipate, husema.

Abu Hurayra (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) ametahadharisha na dhana na kuieleza kuwa ndiyo mazungumzo ya uongo zaidi. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Mwongo wa kawaida anajua kuwa anaongopa, lakini mwenye dhana hujiamini, na hata huapa.

Si kila wazo ni dhambi. Fikra inayopita kichwani na mtu akaipuuza imesamehewa, maadamu hakuisema wala hakuifanyia kazi. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ametaja alama ya kuwa dhana imeshatia mizizi: moyo wako hubadilika kwa mwenzio, ukamuona mzito, ukalegea kumjulia hali na kumkirimu. Yaani salamu imepungua, na yeye hajui amekosa nini.

Mfano unaogusa familia zaidi ni wa yule bwana wa kabila la Fazara. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akasema mkewe amezaa mtoto mweusi, akiashiria kuwa mtoto si wake. Mtume hakumkemea, wala hakumwita mke kuhojiwa. Alimuuliza kama ana ngamia. Akasema anao. Rangi zao? Wekundu. Je, yumo wa kijivu? Akajibu kuwa wamo. Wametoka wapi? Yule bwana akasema huenda ni asili ya zamani imewavuta. Mtume akamwambia kuwa huenda mwanawe naye amevutwa na asili yake. Hakumruhusu kumkana mtoto.

Tuizingatie hadithi hii sisi watu wa visiwani, ambako katika nyumba moja huzaliwa mweupe na mweusi, mwenye nywele za singa na mwenye za kipilipili, na kila mmoja ana bibi aliyefanana naye. Neno "huyu kamfanana nani?" likisemwa kwa mzaha mbele ya mzazi aliyetoka uzazini limewahi kuvunja nyumba. Na tuhuma ya zinaa si jambo dogo katika sharia: aya ya 4 ya Surat An-Nur imeweka viboko 80 kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya mashahidi wanne.

Je, ushahidi ukiwa upo mkononi? Hapo tumtazame Hatib bin Abi Balta'a (R.A.). Mwaka wa 8 Hijria, kabla ya kufunguliwa Makka, ilikamatwa barua yake akiwapa Maquraishi habari za Mtume. Barua ilikuwa yake, na hakuikana. Sayyidna Umar (R.A.) aliomba ruhusa ya kumkata shingo. Mtume (S.A.W.) alianza kwa kumuuliza nini kilichompelekea. Hatib akaeleza kuwa ana jamaa Makka wasio na wa kuwalinda, akataka kuwawekea watu wa huko fadhila. Mtume akasema amesema kweli, na akakumbusha kuwa alipigana Badr. Kosa lilibaki kuwa kosa, na Qur'ani ikateremka kulikemea mwanzoni mwa Surat Al-Mumtahina, lakini jina la unafiki halikumkaa.

Basi dawa ya kwanza ni kumuuliza mwenyewe, tena kwa faragha. Ndugu aliyeko Maskati aliyekatisha kutuma pesa huenda hana kazi na anaona haya kusema. Jirani asiyefika mazikoni huenda anauguza. Mwanamke anayeonekana akinywa maji mchana wa Ramadhani ana udhuru ambao si haki ya mtu kuutaka autaje. Huyu wa mwisho hata haulizwi.

Kupekua simu ya mume au mke kwa wasiwasi mtupu kunaingia katika upelelezi uliokatazwa. Wengi huwa na jibu kuwa "nilikuwa nataka kutulia roho". Ni nadra roho kutulia kwa njia hiyo.

Maneno mashuhuri ya kumtafutia ndugu yako nyudhuru 70 husomwa kama hadithi. Hayakuthibiti kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Ni kauli ya wema waliotangulia, miongoni mwao Hamdun al-Qassar, na maana yake ni njema.

Anayeweza kudhaniwa naye ana wajibu. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu, mkewe Bibi Safiyya (R.A.) akaja kumzuru, na alipokuwa akimsindikiza usiku wakapita Maansari wawili wakaharakisha mwendo. Akawaita watulie, akawajulisha kuwa huyo ni Safiyya. Ikiwa yeye alieleza, hatuna sababu ya kusema "watajua wenyewe".

Kuna pahala ambapo kusema aibu ya mtu si dhana mbaya wala si kusengenya kulikokatazwa; Imamu Nawawi ametaja sita. Mojawapo ni ushauri wa ndoa. Fatma bint Qays (R.A.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimtaka Mtume (S.A.W.) shauri, naye akamwambia wazi kuwa mmoja hana mali na mwingine haweki fimbo chini, akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Kwa hiyo mzazi anayeulizwa kuhusu mchumba aseme analolijua kwa yakini, kwa kadiri ya haja, kwa aliyeuliza tu. Alilolisikia barazani au kwenye kundi la WhatsApp asiliweke katika jawabu lake.

Wallaahu A'lam.